Hili salio ni la nani? Namna programu ya RPG inavyosoma faili, na mahali inapoteleza

Mwisho wa mwezi hapa Nairobi, ukipanga foleni benki au kwenye sacco, haipiti nusu saa hujasikia kwamba sistimu imelala. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya namna hiyo, na kijana mmoja nyuma yangu alikuwa akimweleza mwenzake, kwa uhakika mkubwa, kwamba kompyuta za ofisi nyingi bado zinaendeshwa kwa RPG, lugha iliyokufa zamani, na kwamba ndiyo sababu salio la mtu linaweza kuamka limebadilika. Mwenzake akauliza kama RPG si yale makombora ya kubebwa begani. Mtu wa tatu akasema hapana, hiyo ni aina ya michezo ya kompyuta.

Nimeandika RPG kwa miaka kumi na moja katika kampuni ya kusambaza bidhaa kule Industrial Area, na maneno yale hayakunitoka kichwani siku nzima, kwa sababu ukweli na uongo vilikuwa vimefungwa kwenye furushi moja. Ni kweli kwamba programu ya RPG inaweza kuandika salio lisilo la mtu. Nimeliona likitokea, na mara moja mimi mwenyewe ndiye niliyelisababisha. Lakini si kweli kwamba kisa chake ni uzee wa lugha. Mara nyingi kisa ni mahali rekodi inapotua baada ya kusomwa kutoka kwenye faili. Jambo hilo lina dawa, na dawa yenyewe, kusomea rekodi ndani ya kitu kiitwacho muundo wa data, imo ndani ya lugha hiyo hiyo tangu mwaka 2002.

Tuanze na majina. RPG ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyotoka IBM mwaka 1959, wakati wa mashine iitwayo IBM 1401. Kirefu chake cha Kiingereza kina maana ya kizalishaji cha programu za ripoti, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo hasa: kusoma rundo la kadi zilizotobolewa na kuchapisha ripoti. Kadi moja ilikuwa na safu 80, na kila safu ilibeba herufi moja. Ukiamua kwamba safu ya 1 hadi ya 6 ni namba ya mteja, ya 7 hadi ya 30 ni jina, basi kadi zote lazima zifuate mpango huo, la sivyo mashine itachukua kipande cha jina ikidhani ni pesa. Kumbuka kadi hiyo, maana bado tunayo, ila siku hizi haishikiki mkononi.

Leo RPG inatumika kwenye mfumo uitwao IBM i. Wengi wa rika langu na walionitangulia bado wanauita AS/400, jina uliloingia nalo sokoni mwaka 1988. Lugha yenyewe imebadilika sana njiani: mwaka 1994 ilikuja RPG IV, mwaka 2001 mistari ya hesabu ikaachiliwa kutoka kwenye safu za kadi, na kuanzia 2013 hata matangazo ya faili na ya data yakaandikwa kwa mtindo huru. Anayeiita lugha iliyokufa labda aliona skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani akaishia hapo.

Sasa faili. Chukua duka la jumla pale Kamukunji lenye vitabu viwili vya mkono, kimoja cha wateja wanaokopa na kingine cha wauzaji wanaoliletea mali. Kila kitabu ni faili. Kila mstari wa kitabu ni rekodi, yaani habari zote za mtu mmoja. Na kila kisanduku ndani ya mstari, kama vile namba, jina, tarehe au salio, ndicho sisi ofisini tunachokiita fildi. Kwenye IBM i, maelezo ya visanduku hivyo hukaa ndani ya faili yenyewe: jina la kila fildi, ukubwa wake, na kama ni herufi au namba. Programu haihitaji kukariri safu kama zamani za kadi. Inaiuliza faili siku inapotengenezwa.

Ugumu unaanza pale programu inaposema: nisomee mstari wa mteja fulani. Faili iko kwenye diski, na programu inafanya kazi kwenye kumbukumbu, kwa hiyo habari lazima zinakiliwe kutoka kule zije huku. Zinakiliwa wapi?

Kwa mtindo wa asili wa RPG, ni kana kwamba duka lina ubao mmoja mkubwa wa chaki ukutani. Juu yake pameandikwa maneno ya kudumu: JINA, TAREHE, SALIO, na mbele ya kila neno kuna nafasi. Msaidizi akitumwa kwenye kitabu cha wateja, anarudi, anafuta kilichokuwepo mbele ya kila neno, anaandika kipya. Mwenye duka anafanya hesabu zake zote akitazama ubao. Mtindo huu ni mwepesi sana kuandika na ulifaa kabisa siku za kusoma kadi moja, kuchapisha mstari mmoja, na kuendelea na kadi inayofuata. Sitaubeza.

Sasa mtume msaidizi yule yule kwenye kitabu cha wauzaji. Nacho kina kisanduku kiitwacho SALIO. Ubaoni kuna nafasi moja tu ya SALIO. Msaidizi anafuta, anaandika. Salio la mteja limeondoka, na hapajatokea kosa lolote la kumshtua mtu, kwa sababu msaidizi amefanya sawasawa na alivyoagizwa.

Wazee walilijua hili. Katika RPG za kale jina la fildi halikuweza kuzidi herufi sita, na ndani ya herufi hizo sita walibana alama ya faili: salio la mteja likaitwa WTSALO, la muuzaji WZSALO. Ukifungua programu ya mwaka 1990 ukakuta majina yanayosomeka kama namba za magari, usimcheke aliyeyaandika. Alikuwa anakinga ubao usifutwe. Shida iliingia pale majina marefu yaliporuhusiwa na sisi vijana tukaanza kuunda faili mpya zenye majina yanayosomeka vizuri. Kila faili ikawa na SALIO, kila faili ikawa na TAREHE.

Utauliza: kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika, haioni? Inaona nusu. SALIO ya faili moja ikiwa na tarakimu tisa na ya pili saba, itakataa na kulalamika kwamba jina moja lina maelezo mawili. Zote mbili zikiwa na tarakimu tisa, desimali mbili, inanyamaza, maana kwake hicho ni kitu kimoja chenye jina moja. Ndiyo kusema kadiri timu yenu inavyokuwa na nidhamu ya kuunda fildi kwa vipimo vinavyofanana, ndivyo mgongano unavyopita kimyakimya. Hili lilinichukua miaka kulikubali.

Nieleze lililotupata, kwa sababu bila hilo haya yote ni nadharia.

Mama mmoja wa Kamukunji alikuwa mteja wetu wa rangi na kufuli. Yeye anatengenezesha masanduku ya bati, yale wanafunzi wanayokwenda nayo shule za bweni, na kila Januari sisi nasi tunanunua masanduku kwake. Kwa hiyo alikuwa kwenye vitabu vyetu vyote viwili, mteja na muuzaji, kwa namba moja. Asubuhi moja alipiga simu ofisini.

"Mwanangu, karatasi mliyoniletea inasema nina deni la shilingi 48,600. Deni langu ni 3,150. Nimeandika kwa kalamu."

Nilimwambia, "Subiri mama, niangalie." Nikatazama skrini na ikaniambia 48,600. Nikamwambia mfumo unaonyesha hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Basi uangalie mfumo, mimi daftari langu nimeshaliangalia." Bado nasikia aibu ya kumjibu vile.

Jioni, ofisi ilipotulia, niliiendesha programu ya kuchapisha taarifa za wateja hatua kwa hatua kwenye mazingira ya majaribio, mstari mmoja kwa kila kubonyeza F10, huku nikiitazama SALIO. Programu ikamsoma mteja: 3,150.00. Mistari kadhaa ikapita, bado 3,150.00. Ikafika kwenye mistari miwili niliyoiongeza mimi wiki tatu kabla, ya kuangalia kama mteja huyu pia anatuuzia bidhaa, ili taarifa ichapishwe na ujumbe mfupi wa shukrani chini yake. Nikabonyeza F10. SALIO ikawa 48,600.00.

Hata hapo madhara yangeishia kwenye karatasi, lakini mwisho wa programu kulikuwa na amri ya kuandika kwenye rekodi ya mteja tarehe ya taarifa ya mwisho. Nia ilikuwa kubadilisha tarehe peke yake. Ila amri ya UPDATE, usipoiwekea mipaka, inachukua kila kilichopo ubaoni na kukirudisha kitabuni: jina, tarehe, na salio. Jina lilikuwa lile lile, kwa kuwa ni mtu yule yule, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tumechukua pesa tunazodaiwa na yule mama na kuzigeuza deni lake yeye. Wateja saba walikuwa katika hali hiyo.

Hapo ndipo muundo wa data unapoingia. Jina linatisha, jambo lenyewe ni jepesi: ni mkusanyo wa nafasi kadhaa za kumbukumbu zinazokaa pamoja, zikafuatana kwa mpango maalumu, na zote zikawa chini ya jina moja. Rudi dukani Kamukunji. Badala ya ubao mmoja ukutani, mwenye duka amenunua vibao viwili vya mkononi. Kimoja kimeandikwa "mteja" kwa rangi mgongoni, cha pili "muuzaji". Msaidizi akienda kwenye kitabu cha wateja anabeba kibao cha mteja. Ndani ya kila kibao kuna nafasi ya SALIO, lakini hakuna tena mtu anayesema "salio" tupu. Inabidi aseme salio la nani.

Kwenye RPG mistari yangu iliyosahihishwa ilikuwa hivi:

chain namba rwateja mteja;
chain namba rwauzaji muuzaji;
mteja.tarehe = leo;
update rwateja mteja;

CHAIN maana yake ni kutafuta rekodi kwa ufunguo, hapa namba ya mtu. Neno rwateja ni jina la umbo la rekodi katika faili ya wateja. Neno la mwisho la kila mstari wa chain, mteja au muuzaji, ndicho kibao: nenda kwenye faili, ukirudi, weka humu. Nukta iliyo katikati ya mteja.tarehe isome kama "ya": tarehe ya mteja. Na mstari wa mwisho unarudisha kilichomo kwenye kibao cha mteja peke yake. Muuzaji anaweza kusomwa mara mia katikati, kibao cha mteja hakiguswi.

Kibao hicho hukichongi mwenyewe. Unatumia neno LIKEREC kuiambia kompaila, nitengenezee muundo unaofanana na rekodi hii, nayo inachukua maelezo kutoka kwenye faili. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi kuliko zote. Kila fildi inakaa palepale inapokaa kwenye rekodi, kwa ukubwa ule ule. Na ukijaribu kusoma faili ya wateja ukaielekeza kwenye kibao kilichotengenezwa kwa umbo la rekodi nyingine, kompaila inakataa kabla programu haijazaliwa.

Wapo wanaodhani muundo wa data ni hifadhi, aina fulani ya faili ndogo. Sivyo. Ni kumbukumbu tu. Programu ikifungwa kibao kinafutwa, na kama hukurudisha kitu kwenye faili kwa UPDATE au WRITE (amri ya kuandika rekodi mpya), hakuna kilichobadilika kwenye diski. Wengine wamenieleza kwamba kinaongeza kazi kwa mashine, kwamba data inahamishwa mara mbili. Hilo nalo halisimami. Katika mtindo wa ubao, programu inachukua rekodi iliyofika na kuhamisha fildi moja moja, zile inazozitumia, hadi kila moja kwenye nafasi yake. Katika mtindo wa kibao, rekodi nzima inamiminwa kwa mkupuo mmoja. Kwa programu inayotumia fildi nyingi mkupuo ni nafuu zaidi. Kwa inayotumia mbili tatu, tofauti haionekani kwa macho ya binadamu.

Lakini mkupuo huo una tabia yake, na ukiingia bila kuijua utajikwaa. Ili kuielewa inabidi tuchungulie baiti zenyewe, vile vipande vidogo vya kumbukumbu, mara moja, halafu tutoke.

Salio letu la tarakimu tisa lilihifadhiwa kwa namna ya kubana, ambapo kila baiti moja inabeba tarakimu mbili, na nusu ya mwisho kabisa inabeba alama ya chanya au hasi. Shilingi 3,150.00 inakaa kwenye baiti tano hivi: 00 03 15 00 0F. Herufi F mwishoni ni chanya. Ingekuwa D, ni hasi. Nukta ya desimali haipo popote ndani, iko kwenye maelezo ya fildi. Zile 48,600.00 ni 00 48 60 00 0F. Mtu akizizoea anazisoma kama namba za kawaida.

Nafasi tupu ya herufi, yaani pengo lisilo na kitu, kwenye mashine hizi huandikwa 40. Sasa, muundo wa data usipoelekezwa vinginevyo huanza maisha yake umejaa mapengo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata kwenye sehemu za namba. Kwa jina hilo ni sawa. Kwa salio maana yake ni 40 40 40 40 40, na ukitazama nusu ya mwisho utaona 0 mahali pa alama. Sifuri si alama. Programu ikijaribu kujumlisha hapo, inasimama na kulalamika kwamba data ya desimali ni mbovu. Dawa ni neno moja, INZ, wakati wa kuutangaza muundo, nalo linaweka sifuri za kweli kwenye namba na mapengo kwenye herufi. Mimi huliandika kila mara, hata pale ambapo rekodi itasomwa mara moja na kufunika kila kitu, kwa sababu siku moja rekodi haitapatikana.

Na ubovu huo ukiwa tayari upo kwenye faili? Mtindo wa ubao unahamisha fildi moja moja, kwa hiyo unaigundua namba mbovu palepale wakati wa kusoma. Mkupuo hauigundui, kwa sababu unanakili baiti bila kuziuliza ni nini. Kosa litatokea baadaye, kwenye mstari wa kwanza unaoigusa namba hiyo, labda mistari 200 mbele, na mtu anayetafuta ataanza kumlaumu mstari asiye na hatia. Wapo wanaouita huu udhaifu. Mimi naona una faida yake: unaweza kuisoma rekodi mbovu nzima, ukaikagua, ukairekebisha, badala ya programu kuanguka mlangoni. Ila lazima ujue kwamba kusomwa salama si ushahidi wa data salama. Faili zilizoundwa kwa DDS, njia ya zamani, zinaweza kupokea takataka hizo bila kelele; jedwali lililoundwa kwa SQL, lugha ya kawaida ya hifadhidata, linakagua wakati wa kuandikiwa.

Jambo la pili linalochanganya watu, na hili hufika hadi kwenye foleni za mjini, ni lile kosa linalotokea Jumatatu asubuhi baada ya "maboresho" ya mwisho wa wiki. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ilipoleta eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, kampuni nyingi ziliweka PIN ya mteja, yaani namba yake ya kodi, kwenye mifumo yao. PIN ya KRA ina herufi na tarakimu 11. Tuseme umeiongeza katikati ya rekodi ya mteja, kabla ya salio. Kila kilichokuwa baada yake kimesogea baiti 11. Programu iliyotengenezwa kabla ya hapo bado ina ramani ya zamani. Ni kama kuongeza kiti kimoja katikati ya gari la matatu halafu umwachie makanga orodha ya viti ya jana.

IBM i ina ulinzi kwa hili. Kila umbo la rekodi lina alama yake, inayokokotolewa kutokana na fildi zake na mpangilio wake. Programu hubeba nakala ya alama hiyo tangu siku ilipotengenezwa, na inapofungua faili, mfumo unalinganisha. Zisipolingana, faili haifunguki, na skrini inatoa ujumbe wa CPF4131. Mtu wa nje ataambiwa sistimu imelala. Ukweli ni kwamba sistimu iko macho kabisa: imegoma kusoma pesa kwa ramani mbovu.

Kuna amri ya kuuzima ulinzi huo, na nimeona watu wakiizima saa mbili asubuhi simu zikiita. Ukifanya hivyo programu inafunguka vizuri, na mkupuo unamimina baiti za rekodi mpya kwenye kibao chenye vipimo vya zamani. Pale palipokuwa na salio sasa panaangukia PIN. Ukiwa na bahati, herufi za PIN hazitakubalika kama namba na programu itaanguka. Ukikosa bahati, kitakachoangukia pale ni namba halali ya kitu kingine, nayo itajumlishwa, itachapishwa na kupelekwa kwa mteja. Kazi inayotakiwa ni kutafsiri upya kila programu inayotumia faili ile, na hapo LIKEREC inakulipa: kibao kinajichonga upya chenyewe kwa maelezo mapya, bila wewe kugusa mstari hata mmoja.

Kuna swali ninaloulizwa sana na vijana wanaojiunga nasi: kwa nini LIKEREC ina nafasi ya kusema kama unataka fildi za kuingia, za kutoka, au zote? Kwa faili ya diski haionekani kuwa na maana, kwa sababu unachosoma ndicho unachoandika. Kwa skrini ni tofauti. Fikiria fomu unayopewa Huduma Centre. Kuna sehemu zimeshachapishwa, hizo unazisoma tu. Kuna sehemu unazijaza. Na kuna ile iliyoandikwa kwamba ni ya matumizi ya ofisi. Skrini ya programu iko hivyo: jina la mteja linatoka kwenda kwa mtumiaji na halirudi, kiasi anachokiingiza kinarudi. Kibao cha kupelekea na kibao cha kupokelea basi havina umbo moja.

Nimalizie na matumizi ambayo, kwa maoni yangu, yangetosha peke yake kumfanya mtu ahamie kwenye vibao. Programu inaposoma rekodi kwa nia ya kuibadilisha, mfumo unaifunga rekodi hiyo ili mwingine asiibadilishe kwa wakati huo huo. Ni ulinzi mzuri, mpaka karani afungue akaunti ya mteja kisha aende kunywa chai. Karani wa pili akiitaka rekodi ile atasubiri, kwa kawaida sekunde 60, halafu ataambiwa inatumika. Wateja kwenye foleni wanaambiwa tena yale maneno ya siku zote.

Kwa vibao unaweza kufanya hivi. Soma rekodi bila kuifunga, kwa kuongeza herufi N kwenye CHAIN, uiweke kwenye kibao uite kabla. Mwache karani afanye kazi, anywe na chai. Akibonyeza kuhifadhi, isome rekodi tena, safari hii ukiifunga, iweke kwenye kibao kingine uite sasa. Kisha uliza swali moja: kabla na sasa ni sawa? Unalinganisha rekodi nzima kwa mstari mmoja, si fildi arobaini moja baada ya nyingine. Zikiwa sawa, hakuna aliyegusa, andika. Zikitofautiana, mtu mwingine ameibadilisha katikati, na karani aonyeshwe hali mpya kabla ya kuamua. Rekodi inafungwa kwa nukta ya sekunde badala ya muda wa chai. Kwenye ubao mmoja wa ukutani hili halifanyiki kirahisi, kwa kuwa nakala ya pili itaifuta ya kwanza.

Yale masalio saba tuliyarudisha. Faili ya wateja ilikuwa ikiandikiwa jarida la mabadiliko, ambalo kwa kila badiliko linaweka picha ya rekodi ilivyokuwa kabla na ilivyokuwa baada, kwa hiyo tulikuwa na ushahidi wa kila shilingi. Salio la upande wa wauzaji halikuwa limeguswa, kwa sababu rekodi hizo zilisomwa tu, hazikuandikwa.

Nilimpelekea mama taarifa mpya kwa mkono wangu, dukani kwake, katikati ya kelele za nyundo na bati. Alilifungua daftari lake juu ya sanduku moja ambalo lilikuwa bado halijapakwa rangi, akateremsha kalamu hadi kwenye mstari wa mwisho, akalinganisha na karatasi yangu. 3,150. Akatia tiki. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akaniwekea kidole penye 48,600.

"Sawa," akasema. "Na hizi zangu mtalipa lini?"